Shangazi, mume wangu hana huruma na mtoto wetu

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 52, naishi Nkuhungu, Dodoma. Mwanangu wa kwanza ana miaka 27 na huu ni mwaka wa nne anavuta unga. Mke wake alishindwa kuvumilia, akachukua mtoto akarudi kwao Kondoa. Mimi sijakata tamaa. Nimepata mtaalamu wa homeopathia, anampa vidonge vidogo vyeupe na matone ya kuweka chini ya ulimi, na mabadiliko nayaona: siku nyingine anatulia, anakula, analala vizuri. Tatizo ni baba yake. Anang'ang'ania kijana apelekwe kliniki ya Itega akanyweshwe methadoni, ile dawa ya watu wa unga, ambayo ni ulevi mwingine tu. Hela ya vidonge amekataa kutoa. Mwezi jana mtungi wa gesi ulipopotea akamtuhumu mwanangu, wakati mimi najua ni binti wa kazi, na nimeshamwondoa. Nifanyeje na mwanamume asiye na huruma na damu yake? Mama mwenye uchungu."

Marahaba, mama. Pole sana. Kulala kila usiku sikio likiwa mlangoni kunamaliza mtu.

Ila mume asiye na huruma mimi sijamwona katika barua yako. Nimemwona baba aliyechoka kudanganywa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Tuanze na mtungi. Binti wa kazi, mgeni mjini, autoe mtungi wa gesi getini mchana kweupe akamuuzie nani? Anayejua pa kupeleka mtungi, simu na pasi bila kuulizwa maswali ni mwanao, na wewe unalijua hilo. Umemtoa kafara mtoto wa watu kwa sababu ukikubali la mtungi itabidi ukubali na mengine. Kuna jambo pia umelinyamazia: hela ya kete za unga inatoka wapi? Kazi ya kijana hukuitaja. Mke hayupo. Baba kafunga mkono. Aliyebaki ni wewe, mama, na hizo za nauli, za vocha na za supu unazomtilia mkononi baba akiwa kibaruani.

Sasa hizo siku anazotulia. Mvutaji wa unga akikosa, arosto inaanza kumshika ndani ya saa chache, siku moja haipiti bila kuanza. Utamwona anapiga miayo mfululizo, machozi na kamasi vinamtoka, vinyweleo vimemsimama na jua la Dodoma linawaka, mifupa inamuuma, anatapika, anaharisha. Siku ya pili na ya tatu ndiyo balaa lenyewe. Kama kweli mwanao angekuwa ameacha unga na kushika vidonge, barua yako ingejaa habari za ndoo na mashuka ya kufua. Wewe umeniandikia kwamba anakula na kulala vizuri. Teja anayetulia hivyo ameshapata kete yake, mama. Vidonge anameza akufurahishe wewe, usije ukamfungia pochi.

Na hivyo vidonge vyenyewe ni nini? Homeopathia ilianzishwa na daktari wa Kijerumani, Samuel Hahnemann, mwaka 1796. Tazama chupa, huenda utakuta imeandikwa 30C. Maana yake dawa imechanganywa, sehemu moja kwa 99 za maji au pombe, ikatikiswa, kisha ikachotwa sehemu moja ya mchanganyiko huo na kuchanganywa tena vilevile, hadi mara 30. Ikishapita hatua ya 12 hivi, hata chembe moja ya ile dawa ya mwanzo huna uhakika wa kuipata. Kinachobaki ni sukari ya kidonge iliyodondoshewa maji hayo. Mwaka 2015 Baraza la Taifa la Utafiti wa Afya na Tiba la Australia lilipitia tafiti 176 likasema hakuna ugonjwa ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathia inautibu. Usiniambie mtaalamu ana cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Cheti kinamruhusu kufungua ofisi, hakigeuzi sukari kuwa dawa ya unga.

Sukari haitamuua. Kitakachomuua ni kete, wakati nyinyi mnasubiri sukari ifanye kazi.

Methadoni unayoiita ulevi mwingine imeanza kutolewa Muhimbili tangu 2011, na hapo Dodoma iko Itega, chini ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Ni dawa ya maji, inanywewa kila siku mbele ya mhudumu, bure. Kipimo kikikaa sawa, inashika mwili siku nzima: arosto haipo, stimu haipo, mtu anakwenda kutafuta riziki. Ndiyo, ataihitaji kwa muda mrefu, pengine miaka. Mwenye kisukari anachoma insulini kila siku na hakuna anayemwita teja. Nadhani kinachokutisha ni jina la Mirembe, na majirani wa Nkuhungu kumwona mwanao kwenye foleni. Mama, walishamwona zamani. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Na mkwe wako mwache. Mwanamke aliyemwondoa mtoto mdogo kwenye nyumba ya kete hakukosa uvumilivu, alitumia akili.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha kwa hili. Mama na mtoto wanakuwa chama kimoja, baba anabaki mpinzani. Mtoto akivunja, mama anaficha. Akiiba, mama analipa. Baba akiuliza, anaambiwa ana roho mbaya. Zamani mtoto alijua baba na mama wana kauli moja, akinyimwa huku hapati kule. Leo anajua mlango upi uko wazi. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na wewe umeshaanza kulia.

Leo usiku mwambie mume wako ukweli wote, wa mtungi na wa hela ulizotoa kwa siri. Atakasirika, ana haki. Binti wa kazi mtafuteni, muombeni radhi, mumlipe mshahara wake. Kisha nendeni Itega watatu. Watampima mkojo, VVU, homa ya ini na kifua kikuu, na watataka kujua ndugu gani atakuwa naye. Nauli ya bajaji lipa wewe mwenyewe, usimpe mkononi.

Msimfungie chumbani ateseke na arosto peke yake mkidhani mmemtibu. Mwili uliokaa siku kadhaa bila unga hauwezi tena kipimo cha zamani, na wengi wanafia hapo, siku wanayotoka na kuvuta kama walivyozoea. Akishaanza methadoni, pombe na vidonge vya usingizi asiguse, vikichanganyika vinakata pumzi. Akikataa kwenda, nendeni wewe na baba yake muongee na wahudumu, au pigeni 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ni bure, na simu mwachie baba yake aongee.