Jibu: Ugonjwa wa kubuni unaoua ndani ya saa 6

Ndugu, umeuliza kwa nini wasomaji hawaamini kwamba ugonjwa wa hadithi yako, unaoua ndani ya saa 6, uliimaliza Kisumu ya mwaka 2190. Tatizo ni hizo saa. Mgonjwa anafia mtaani Kondele, humo humo Kisumu, kabla hajapanda matatu ya Nakuru, na mnyororo wa maambukizi unakatika hapo.

Mpe siku 10 bila dalili, aanze kuambukiza siku ya 6. Ebola huchukua siku 2 hadi 21 kabla dalili hazijaonekana, lakini mtu haambukizi kabla ya dalili, ndiyo maana inadhibitika. Surua huambukiza siku 4 kabla ya vipele. Pasipo chanjo, mgonjwa mmoja huambukiza watu 12 hadi 18. Chukua ukali wa Ebola na mwendo wa surua.

Dalili ya kwanza iwe homa na viungo kuuma. Kila mtu atasema malaria. Hapa usiharakishe, onyesha kipimo cha haraka cha malaria: tone la damu, dakika 15, mstari mmoja tu kwenye C, yaani malaria haikuonekana, na bado anapewa dawa za malaria arudi nyumbani kwa watoto.

Vifo viwe nusu ya wagonjwa, kisha ulete matanga. Mwili ukiwa bado unaambukiza, wanaouosha wataubeba ugonjwa hadi Siaya na Busia.