Kompyuta zilizokataa kuamka

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya mitandao, hili mimi nililijua usiku wa manane katika jengo moja la Upper Hill, Nairobi. Nilikuwa ghorofa ya sita kwenye seva, natakiwa kuziwasha kompyuta za ghorofa ya pili zisasishwe kabla watu hawajafika kazini.

Pakiti ya kuamsha kompyuta ni fupi: baiti 6 za FF, kisha anwani ya MAC ya mashine (namba ya kadi yake ya mtandao) mara 16, jumla baiti 102. Kuituma kwa IP ya mashine yenyewe hakufai, maana iliyolala haijibu ARP, lile swali la "IP hii ni ya MAC ipi?" Nikaituma 255.255.255.255, anwani ya kutangazia mashine zote za mtandao ulimo. Kimya. Anwani hiyo haivuki ruta yoyote, yaani kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine.

Nikajaribu 192.168.20.255, tangazo la kuelekezwa kwenye subneti ya chini, yaani kipande cha mtandao cha ghorofa ya pili. Kimya tena, na hapa ndipo naomba mtulie. Ruta za njiani huipitisha pakiti hiyo kama nyingine yoyote. Ni ruta ya mwisho tu, yenye mguu ndani ya subneti ile, inayotambua kwamba ni tangazo, na ndiyo inayoamua kuligawa kwa wote au kulitupa. Kwa kawaida hulitupa. RFC 1812 ya 1995, mojawapo ya nyaraka za kanuni za intaneti, ilitaka ruta zilipitishe, lakini RFC 2644 ya Agosti 1999 ikageuza, kwa sababu ya shambulio liitwalo Smurf: mhalifu anaandika anwani ya mwathiriwa kama mtumaji, anapiga pingi moja kwa subneti nzima, na mashine 200 zinamjibu mtu asiyeuliza chochote. Kwa hiyo msifungue mlango huu ovyo, na upande wa intaneti msiufungue kamwe.

Nilikwenda kwenye intafesi (mguu) ya ruta ya mwisho inayotazama ghorofa ya pili, nikaandika `ip directed-broadcast 101`, na orodha ya ruhusa namba 101 ikiruhusu seva yangu peke yake, UDP, poti 9, ambako pakiti yangu ilielekezwa.

Bado kimya! Karatasi niliyopewa ilisema /24, yaani subneti ya anwani .0 hadi .255. Intafesi yenyewe ilisema 192.168.20.0/25, yaani .0 hadi .127 tu, kwa hiyo tangazo lake ni .127, na .255 ni la nusu nyingine. Someni maski (hiyo /24 au /25) kwenye ruta, si kwenye karatasi.

Nikatuma kwa .127, nikashuka ngazi mbio. Kabla sijafungua mlango nilisikia feni zikivuma, dawati baada ya dawati.