Bibi yangu bado yuko Busembatia

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Je, wakati ni dimensheni ya nne, sawa na urefu, upana na kimo, au ni namna tu ya kusema?" Majibu mliyochapa nimeyasoma. Msomaji mmoja kasema hapana, kwa kuwa mtu anaweza kurudi Jinja lakini hawezi kurudi jana. Mwingine kamleta marehemu Profesa John Mbiti, aliyefundisha Makerere miaka ya 1960 na kutumia maneno yetu mawili, Sasa na Zamani, kueleza kwamba wakati wa Mwafrika una sehemu hizo mbili tu na kesho karibu haimo. Hapo ndipo chai yangu ilipopoa.

Huyu wa Jinja nimmalize kwanza. Jinja ipi? Dunia inalizunguka jua kwa mwendo wa kilomita 30 hivi kila sekunde. Ukipima kutoka kwenye jua, Jinja ya jana saa kama hizi tumeiacha nyuma zaidi ya kilomita milioni mbili na nusu. Anayepanda teksi pale stendi ya zamani akasema anarudi Jinja, harudi popote. Anakwenda Jinja nyingine yenye jina lile lile.

Sasa nije kwa baba yangu, ambaye hamkuniuliza habari zake.

Baba alikuwa mtu wa reli, ofisi ya kuongoza treni hapa Kampala. Tuliishi nyumba za reli Nsambya, watoto wa Kisamia, Kiteso, Kiganda na Kijaluo, tukigombana kwa Kiswahili kwa sababu ndicho pekee ambacho hakuna aliyeweza kujidai ni cha mama yake. Kazi ya baba ilikuwa kuchora. Mezani kwake palikuwa na karatasi pana kama shuka la kitanda cha mtoto. Ukingo wa kushoto ulikuwa na majina ya stesheni, Kampala chini, Tororo juu kabisa. Kwenda kulia zilipangwa saa, na hizo zilikuwa saa za reli, zinazoanza usiku wa manane. Nyumbani tulihesabu saa zetu zinazoanza jua likichomoza, kwa hiyo 19:00 ya baba ilikuwa saa moja ya mama, na ugomvi mwingi wa kwetu ulizaliwa hapo.

Kila treni ilikuwa mstari. Mstari wa kusimama sana ni treni ya mbio, uliolala ni treni ya kusuasua. Reli yetu ni ya njia moja, basi treni mbili zinazokutana lazima mistari yao ikatane stesheni, ambako moja inaweza kukaa pembeni. Ikikatana katikati ya stesheni mbili, baba alisema, hapo umechora kaburi.

Usiku mmoja wa Aprili 1988, nikiwa na miaka 11, nilimpelekea chakula, matoke na mchuzi wa karanga. Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa ndani ya treni ya abiria kutoka Tororo. Nikauliza, "Baba, Bibi yuko wapi?"

Baba aliweka rula wima juu ya karatasi, kwenye saa ile ile tuliyokuwa nayo. Pale rula ilipokata mstari wa treni, akagusa kwa ncha ya penseli. "Yuko hapa. Anaingia Busembatia."

"Na kesho asubuhi?"

Akasogeza rula kulia. "Yuko hapa Kampala, anahesabu mizigo yake."

"Na jioni ile?"

Akairudisha kushoto. "Tororo. Anabishana na mkata tiketi."

Nilisahau hata kumpa kijiko. Bibi alikuwa kote huko, Tororo, Busembatia, Kampala, amelazwa kwenye karatasi mzima mzima kama uzi. Kilichotembea ni rula tu.

Kisha simu ikalia. Mvua ilikuwa imepitisha maji juu ya reli mbele ya treni, na dereva ameambiwa asubiri Busembatia. Baba akaweka penseli, akachukua kalamu ya wino. Sijawaambia: yajayo aliyachora kwa penseli, yaliyokwisha kutokea kwa wino. Akaanza kuchora mstari wa treni iliyosimama. Hapo nikashangaa, kwa sababu treni ikisimama mstari hausimami. Unalala chali, unaendelea kwenda kulia. Nusu saa, upana wa kidole. Saa nzima, vidole viwili. Nilikaa kwenye benchi nikiangalia bibi yangu akirefuka bila kwenda mahali. Baada ya kila simu baba alichukua kifutio akafuta ile penseli ya Kampala, akaichora upya mbele zaidi, na mimi nikapewa kazi ya kupuliza vumbi la kifutio. Nilipuliza mara nne au tano. Mara ya mwisho nilipuliza nikiwa nusu usingizini, baba akacheka.

Bibi aliteremka asubuhi na kuku kwapani, tukamzunguka kama mtu aliyetoka vitani. Alisema neno moja tu: "Pale nilipolala njaa sitapasahau." Mpaka leo sijui alimaanisha stesheni au alimaanisha usiku. Na Kiswahili hakitaki kunisaidia, maana hiyo "po" ni ya mahali na ni ya wakati. Tunasema "hapo zamani" kana kwamba zamani ni kiti, na "huko nyuma" kana kwamba kuna njia.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Hermann Minkowski, mwalimu wa hesabu aliyewahi kumfundisha Einstein Zürich. Septemba 1908 alisimama mbele ya wanasayansi mjini Cologne akawaambia kwamba mahali peke yake na wakati peke yake vitafifia kama vivuli, vibaki viwili hivyo vimeungana. Miezi michache baadaye alikufa, akiwa na miaka 44. Alichokichora ni karatasi ya baba, kila kitu ni mstari, ila kwake kipimo ni mwanga: sekunde moja ni sawa na kilomita 300,000. Kwa hesabu hiyo, mtu anayelala saa nane Nsambya bila hata kugeuka ubavu amesafiri zaidi ya kilomita bilioni 8 upande wa wakati. Kwenda Jinja, kilomita 80, hakuonekani.

Lakini neno "sawa na" katika swali lenu ni kosa. Katika hesabu za Minkowski wakati unaingia na alama ya kutoa, pale urefu na upana vinaingia na alama ya kujumlisha. Ni ndugu wa familia moja, ila huyu amezaliwa kinyume.

Tena kuna jambo la rula. Rula ya baba ilisimama wima kwa stesheni zote. Einstein alionyesha kwamba anayekwenda mwendo tofauti na wako, rula yake ya "sasa" imeinama: mambo mawili unayosema yametokea pamoja, yeye anasema yamepishana. Hesabu zake si porojo. Kwa mwendo wao na uvutano hafifu wa huko juu, saa za setilaiti zinazomwongoza mwendesha bodaboda hadi mlangoni kwako hukimbia kuliko za ardhini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, na zisiporekebishwa ramani itapotoka zaidi ya kilomita 10 kwa siku. Kama rula za watu zinainama tofauti, basi baadhi ya penseli yangu ni wino wa mtu wa mbali sana. Einstein mwenyewe, rafiki yake Michele Besso alipofariki Machi 1955, aliwaandikia wafiwa kwamba kwao waaminio fizikia, tofauti ya jana, leo na kesho ni udanganyifu tu, ingawa ni mbishi. Mwezi uliofuata naye akafa.

Baba alitutoka 2009. Siwafichi kwamba maneno hayo yalinifaa kuliko hotuba zote za msibani. Yuko kushoto kwa rula, meza ile ile, mchuzi wa karanga unapoa.

Nilipoanza barua hii nilikuwa nimeandika NDIYO juu kwa herufi kubwa. Nimeikata. Kilichoniangusha ni kifutio. Kama kesho imekwisha chorwa, baba alikuwa akifuta nini usiku kucha? Mtaalamu atasema hata kule kufuta kulikuwa kumechorwa. Labda. Ila vumbi lile nililipuliza mimi, na lilikuwa jeusi. Na kwa heshima zote kwa Profesa Mbiti, mtu anayechonga penseli kila zamu kwa ajili ya kesho huwezi kusema kesho hanayo.

Basi nihesabuni upande wa hapana, kwa sharti kwamba ya nyuma mniachie kama ndiyo, na nikisoma zaidi naweza kuwaandikia tena kinyume. Nafasi ikiwa ndogo, kateni Minkowski. Bibi msimguse.

Msomaji wenu,
Namuwongo, Kampala