Aqp4 kwenye mishipa ya ubongo wa panya: si lazima uwe uchafu

Ndugu, unauliza kama sampuli yako ya mishipa midogo ya ubongo wa panya imechafuka, kwa kuwa RNA yake (nakala za jeni zinazotumika) ina Aqp4 nyingi, jeni ya astrosaiti, yaani seli saidizi za ubongo, si ya mshipa wenyewe. Usiitupe. Nyayo za astrosaiti (ncha zake zinazoshika mishipa) hubaki zimeng'ang'ania ukuta wa mshipa hata baada ya kusafisha kwa dekstrani (myeyusho mzito wa sukari) na chujio la maikromita 20, na mRNA (nakala ya jeni) ya Aqp4 hukaa hadi humo kwenye nyayo, mbali na kiini cha seli. Anayepima RNA ya viini peke yake haioni sehemu hiyo.

Uchafu wenyewe utaupima kwa jeni Rbfox3 ya niuroni na Mbp ya mielini (utando wa mafuta unaofunika nyuzi za niuroni): zishuke sana kuliko kwenye ubongo mzima, huku Cldn5, jeni ya seli za ukuta wa ndani wa mshipa, ikipanda. Mbp isiposhuka, tabaka jeupe la mielini lililoelea juu ya dekstrani halikuondolewa vizuri. Futa pia kuta za mrija kabla ya kugusa mashapo.

Kwa perisaiti (seli zinazokumbatia mishipa midogo), jeni Pdgfrb haitoshi, maana hata fibroblasti, seli za tishu unganishi, zinayo. Ongeza jeni Kcnj8 na Abcc9. Acta2 ikiwa nyingi, umebeba misuli laini ya ateri. Na ukitumia vimeng'enya kutenganisha seli kwenye nyuzi 37, kisha Fos na Jun (jeni zinazowaka haraka seli ikishtuka) zikapanda, usikimbilie kuandika ugunduzi: mara nyingi huo ni mshtuko wa kutenganisha seli. Fanyia kazi kwenye barafu kila hatua inayoruhusu.