Kwa mnaoanza rangi za mafuta: weka rangi halafu iache

Wadau mnaoanza rangi za mafuta, naona wengi mnakimbilia sura za watu. Mi nawashauri muanze na vitu vya mezani, embe, birika, samaki, kitu kinachotulia ukakiangalia unavyotaka.

Mi nimetokea kwenye uchoraji wa Tingatinga, huko tumezoea rangi ya kopo ile inayong'aa, unajaza umbo, inakauka, unahamia lingine. Mafuta sio hivyo kabisa, yanakaa mabichi siku kadhaa, na raha yake iko hapo na kuharibu kwetu kuko hapohapo. Mwaka wangu wa kwanza wote niliumaliza kwa kuchokoachokoa, yani naweka njano ya embe safi kabisa, naona haijakaa sawa, napitia tena na brashi ileile yenye zambarau ya kivuli, narudi tena na tena, dakika kumi baadae embe lote tope. Changanya kwenye paleti, kile kibao cha kuchanganyia rangi, mpaka uridhike ndo uguse turubai, yani kitambaa cha kuchorea, pitisha brashi mara moja, toa mkono. Ukikosea kwangua na kisu, futa na tambara, weka upya, mi nakwangua hata mara tano.

Taa iwe moja tu, itoke ubavuni, taa ya dari izime. Finya macho mpaka embe libaki mabaka mawili, la mwanga na la giza, anza na hayo, kikonyo na madoadoa ya ganda vije mwisho. Nyeusi ya tyubu iache kwanza, buluu ya ultramarini ukichanganya na kahawia ya banti amba (burnt umber) unapata giza tamu sana, na kivuli cha embe kitie zambarau kidogo uone hiyo njano inavyowaka.

Sasa hisia, maana mnauliza sana picha inapataje hisia. Kabla hujafungua tyubu jiulize ni nini hasa pale mezani kimekushika. Niliwahi kuchora birika la bibi yangu, lina masizi na limebonyea ubavuni, na kilichonishika ni kile kibonyeo, kwahiyo pale nikaweka rangi nene kwa kisu, kwingine kote nikapaka nyembamba mpaka nyuzi za turubai zinaonekana. Na fanya haraka. Mchoraji Mholanzi Van Gogh alipochora alizeti kule Arles, Ufaransa, Agosti 1888, alikuwa anayawahi maua yasinyauke, na ile haraka unaiona kwenye rangi. Kwa joto letu la Dar samaki ndo usiseme kabisa.

Ya ufundi kwa kifupi: turubai tupu usilipake rangi ya mafuta, mafuta yanaliozesha, lipake kwanza rangi ya msingi (primer). Tabaka la chini liwe jembamba, rangi iliyozimuliwa na tapentaini, la juu ndo liongezwe mafuta, ukigeuza litapasuka. Vanishi, ile ya kulinda picha, subiri miezi 6 au zaidi baada ya kumaliza. Madirisha wazi muda wote. Na hili nawaomba sana jamani, matambara yenye mafuta ya kitani (linseed, yale ya kwenye rangi) msiyarundike kwenye kona, yanajipasha yenyewe mpaka yanawaka moto, yatandazeni nje yakauke au yaloweke kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.

Wiki hii chukua embe moja, taa moja, brashi kubwa, saa moja na nusu basi, halafu picha igeuzie ukutani usiiangalie mpaka kesho asubuhi.