Swali la msomaji: "cut short" maana yake nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwenye habari naona "cut short his trip", ni kufuta safari au? Na naweza kusema "cutted"?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapana, kufuta ni "cancel", yaani safari haijaanza kabisa. "Cut short" ni kukatisha, kitu kimeshaanza alafu kinaishia njiani kwa sababu kuna jambo limetokea. Aprili 2018 Rais Cyril Ramaphosa alikuwa London kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, huku kwao Afrika Kusini mji wa Mahikeng ukachafuka na maandamano, akakatisha ziara akarudi, ndo magazeti yakaandika "cut short". Ila mechi ikiisha dakika ya 90 usiseme hivyo, hiyo imeisha kawaida tu.

Na "cutted" haipo jamani, naiona sana kwenye barua za kazi na inaniuma kweli, hata ukiongelea jana ni "cut" tu. Unaweza kusema "cut the trip short" au "cut short the trip", zote sawa, ila ukitumia "it" lazima ikae katikati, "cut it short". Halafu "he cut me short" ni kwamba kanikatiza nikiwa naongea.