Ile 26 ya sanduku la babu yako

Tabora, Isevya

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Umeona 26 kwenye mfuniko wa sanduku la babu, ukatafuta, ukapata brigedi ya 26 na Wanyasa wake, watu wa Nyasaland, Malawi ya leo. Sasa unauliza kwa nini babu hakuwahi kumtaja Mnyasa hata mmoja, na kule Burma (Myanmar ya leo), kwenye Vita Kuu ya Pili, alikuwa na akina nani hasa.

Namba ni hiyohiyo, ila umeipeleka nyumba ya jirani.

Juzi nililivuta sanduku kutoka uvunguni, nikapangusa mfuniko kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, polepole, maana rangi inabanduka. Chini ya 26 zikajitokeza T mbili, moja imekatika kichwa. TT, yaani Tanganyika Territory, ndiyo alama ya batalioni za Tanganyika za Keya, lile jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki (King's African Rifles). Kwa hiyo hiyo ni namba ya batalioni, si ya brigedi.

Keya walikuwa na desturi moja nzuri. Batalioni ya 6 ilikuwa ya Tanganyika, ya 4 ya Uganda, ya 2 ya Nyasaland. Vita vilipopanuka na batalioni mpya zikaundwa, tarakimu ya mwisho ikabaki ya ukoo: 26, 36 na 46 ni za kwetu, 34 na 44 za Uganda, 22 ya Nyasaland. Mimi naiita jina la baba. Usiiamini kila mahali, lakini: ya 11 ilikuwa ya Kenya, na huku ya 1 ni ya Nyasaland.

Sasa shika hapa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa na brigedi tatu, ya 21, ya 25 na ya 26, kila moja na batalioni tatu. Batalioni ya 26 ya babu yako haikuwa katika brigedi ya 26! Ilikuwa katika ya 25, pamoja na ya 11 ya Kenya na ya 34 ya Uganda. Wanyasa wa batalioni ya 22 ndio waliokuwa brigedi ya 26, pamoja na Watanganyika wa 36 na Waganda wa 44. Aliyezipanga namba hizi hakuwa na watoto wa kuwaeleza.

Nilipolijua hilo, hadithi za baba zikakaa sawa. Jioni chini ya mwembe hakuishiwa na habari za Mkamba mmoja wa Kenya aliyekuwa akichonga miiko kwa mbao za masanduku ya risasi. Sisi watoto tulikuwa tukihesabu kokoto "imwe, ili, itatu", tukidhani ni Kinyamwezi cha zamani. Kumbe Kikamba, alikirudisha nacho kutoka vitani.

Yule mnyama kifaru kwenye nembo ya begani, katika picha ya babu, hatakusaidia sana. Divisheni nzima ilimvaa.

Na mwenzako wa kazini anayesema babu alipigana bega kwa bega na Wanigeria, mwambie divisheni za Afrika Magharibi, ya 81 na ya 82, zilikuwa Arakan, upande wa pwani. Babu alikuwa bonde la Kabaw, kwenye tope la mvua za 1944, wakishuka kutoka Tamu hadi Kalewa. Waliokutana nao njiani ni Wahindi wa divisheni ya 5, pale Kalemyo mwezi wa Novemba. Kupenda kwake chapati nadhani kulianzia hapo.

Wako pia wenzake ambao hawakufika. Wapiga mizinga wa rejimenti ya 301 walipanda meli ya Khedive Ismail pale Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldivi, nyambizi ya Wajapani ikaizamisha. Walikufa karibu watu 1,300. Baba akifika hapo alikuwa anaomba maji ya kunywa, halafu anatuuliza habari za shule.

Sanduku nimelirudisha uvunguni. Na ile rangi uliyosema utakuja kulipaka lipendeze sebuleni kwako, iache dukani hukohuko.

Mama yako